Mtoto ana homa: anachotafuta daktari kabla ya kuandika jina la ugonjwa

Mzazi akirudi na mtoto kutoka hospitali, swali linalompokea mlangoni ni moja: "Wamesema ana nini?" Majibu tumeyazoea. Malaria, wadudu wawili. U.T.I. Taifodi ndiyo inaanza. Kifua. Bibi akishasikia jina roho inatulia, maana ugonjwa wenye jina huonekana kama ugonjwa uliokwisha kupatiwa dawa. Mzazi aliyeambiwa "ni virusi, mpe panado, mnyonyeshe sana, mrudishe baada ya siku mbili" anahisi nauli yake imekwenda bure. Wengi hupitia duka la dawa wakati wa kurudi, wanunue angalau dawa ya kikohozi na chupa ya amoksilini, wasije wakaonekana hawakujali.

Mara nyingi mtoto wa huyu wa pili ndiye aliyepimwa kwa makini zaidi. Kuielewa sababu yake kunataka tujue namna daktari anavyofikiri mtoto mgonjwa anapowekwa mbele yake. Nikisema daktari namjumuisha tabibu na muuguzi wa zahanati, kwa sababu hao ndio wanaowaona watoto wengi wa nchi hii, na uamuzi unaookoa maisha hupita mikononi mwao kabla bingwa yeyote hajaitwa.

Ndani ya homa kuna nini

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara. Watafiti waliwachukua watoto 1,005 waliofika kliniki za kawaida wakiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, kisha wakawapima kwa kila njia iliyowezekana: damu, mkojo, makamasi ya puani, picha ya kifua, vipimo vya virusi ambavyo zahanati zetu hazina. Walitaka kujua jambo ambalo miaka mingi lilijibiwa kwa kubahatisha, yaani homa hizi zote zinatoka wapi.

Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Maambukizi ya njia ya hewa, kuanzia mafua hadi homa ya mapafu, yalikuwa asilimia 62.2. U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, asilimia 5.9, taifodi asilimia 3.7. Kwa jumla, virusi vilipatikana kwa watoto 70 katika kila 100, na zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja kwa wakati uleule. Tarakimu hizi zingebadilika kama utafiti ungefanyika Kigoma, Geita au Tabora, ambako malaria ingali na nguvu. Ila picha kubwa ingebaki: homa nyingi za watoto zinatokana na virusi ambavyo mwili wenyewe huvishinda ndani ya siku chache, bila kidonge chochote cha kuua vijidudu.

Katika utafiti huohuo, homa ya uti wa mgongo ilikuwa asilimia 0.2, sawa na watoto wawili hivi katika elfu moja. Hao wawili walikaa kwenye benchi moja na wenzao, wana joto lilelile, na mama zao walitoa maelezo yaleyale: "Amechemka tangu jana usiku." Ugumu wa tiba ya watoto uko hapo. Wengi watapona hata ukikosea, wachache watakufa ukikosea, na kwa macho ya haraka wote wanafanana. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari ni mtoto huyu yuko hatarini kiasi gani. Jina la ugonjwa linafuata baadaye, na mara nyingine halipatikani kabisa siku ile, na bado mtoto ametibiwa sawasawa.

Dalili nne zinazoruka foleni

Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo wa kuhudumia watoto walio chini ya miaka mitano, unaojulikana kwa kifupi chake cha IMCI. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Ulipofanyiwa tathmini, wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji zilizokuwa zikiufuata zililinganishwa na Kilombero na Ulanga ambazo zilikuwa bado, na vifo vya watoto vikaonekana kuwa chini kwa asilimia 13 kule ulikotumika. Msingi wake ni mwepesi hata mzazi anaweza kuukariri. Kabla ya kuuliza habari ya kikohozi, kuhara au homa, daktari anatafuta mambo manne: mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege katika ugonjwa huu, au amelegea na hajitambui vizuri. Moja tu likiwapo, mtoto huyo ni wa dharura, jina la ugonjwa lijulikane au lisijulikane.

Kwa nini hayo, na siyo kiwango cha joto? Kwa sababu joto halisemi mengi. Mtoto mwenye nyuzi 39.5 anayemkimbiza kuku uani yuko salama kuliko mwenye nyuzi 37.8 anayeegemea bega la mama yake bila kugeuza macho. Kunyonya kunasema mengi zaidi. Kwa mtoto mchanga kunyonya ni kazi nzito: avute, ameze, apumue, vyote kwa mpangilio bila kupaliwa. Mapafu yakizidiwa au ubongo ukianza kuchoka, kazi hiyo ndiyo inayoachwa mapema. Ndiyo maana daktari mzuri hatosheki na jibu la "ananyonya kidogo". Atamwambia mama, "Hebu mpe ziwa hapa nione," kisha atatazama.

Kulegea nako kunapimwa, hakubahatishwi. Mtoto aliyelala usingizi wa kawaida ukimgusa au ukipiga makofi ataamka, atalia, atamtafuta mama yake kwa macho. Aliyelegea kwa ugonjwa anafungua macho bila kutazama kitu. Mama huliona hili kabla ya mtu mwingine yeyote, na akisema "mtoto wangu leo simwelewi", kauli hiyo ina uzito wa kitabibu. Inasikitisha kuona ikipuuzwa.

Degedege linahitaji maneno zaidi. Watoto wengi kati ya miezi sita na miaka mitano wanaotingishika kwa sababu ya homa hutulia ndani ya dakika chache na hawadhuriki ubongo. Lakini katika nchi yenye malaria, mtingishiko huohuo unaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka mno, na kwa macho tu huwezi kuzitenganisha. Sehemu nyingi za Pwani degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa upepo, usio wa hospitali. Mtoto alifukizwa, akapelekwa kwa mganga, na ilisadikika kwamba akichomwa sindano atakufa. Nimelifikiria sana jambo hili, na sidhani lilitokana na ujinga. Lilitokana na watu kuona kwa macho yao. Mwenye degedege jepesi aliamka wakati bado anafukizwa, basi moshi ukapewa sifa. Mwenye malaria kali alizidiwa, akakimbizwa hospitali saa za mwisho, akachomwa sindano, akafariki, na sindano ikabeba lawama. Ushahidi wote ulikuwa mbele yao, ila uliwachanganya watoto wa aina mbili tofauti.

Mtoto akishikwa na degedege mlaze kwa ubavu, mlegezee nguo, mwondolee vitu vigumu vilivyo karibu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Tazama saa, maana likizidi dakika tano ni hatari kubwa. Likitulia, mpeleke hospitali hata kama ameamka na anaomba uji.

Dakika moja ya kuhesabu pumzi

Kikohozi ndicho kinachowatisha wazazi, hasa kile cha usiku kinachosikika nyumba ya pili. Kwa daktari, sauti ya kikohozi haina uzito mkubwa. Anachokitaka ni kimya. Mama anakaa, mtoto yuko mapajani, nguo imepandishwa hadi kifuani. Kama analia wanasubiri, au ananyonyeshwa hadi atulie. Kisha daktari anashika saa na kutazama tumbo na mbavu zikipanda na kushuka kwa dakika nzima, siyo nusu dakika mara mbili, kwa sababu watoto wadogo hupumua kwa vipindi, mara haraka mara taratibu. Hamgusi wala hamsemeshi. Mama asiyejua kinachoendelea anaweza kudhani daktari amezubaa.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za kasi. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, mpaka ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Mapafu yaliyojaa majimaji ya maambukizi yanakuwa magumu kutanuka, hivyo mtoto anavuta pumzi fupifupi na kufidia kwa kuongeza idadi. Njia hii ilitokana na kazi ya Frank Shann na wenzake huko Goroka, nyanda za juu za Papua New Guinea, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walikuwa na watoto wengi waliokuwa wakifa kwa homa ya mapafu na hawakuwa na mashine za picha za kutosha. Waligundua kwamba kuhesabu pumzi kwa macho kunamtenga mwenye homa ya mapafu na mwenye mafua vizuri kiasi cha kumwezesha mhudumu wa kijijini kuamua nani apewe dawa.

Jambo la pili analolitazama ni sehemu ya chini ya kifua. Kwa kawaida mtoto akivuta hewa, kifua na tumbo vinatoka nje pamoja. Akiwa na homa ya mapafu nzito, sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta. Zamani kubonyea kifua peke yake kulitosha mtoto alazwe. Tangu 2014 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu mtoto wa namna hiyo, kama hana dalili za hatari na hana VVU, atibiwe nyumbani kwa amoksilini ya kumeza, ile ya kidonge kinachoyeyushwa kwa maji kidogo au maziwa ya mama. Penye kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, kipimwe kila mara, kwa maana oksijeni iliyo chini ya asilimia 90 inataka hospitali hata kama mtoto anacheka. Ningependa kukiona kifaa hicho katika kila zahanati kabla ya kununua vitu vingine vingi.

Kuhesabu pumzi nako kuna gharama yake. Njia hii inawanasa wengi mno. Homa peke yake huongeza kasi ya pumzi, na pumu pia, na malaria pia. Katika utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara, kati ya watoto waliokuwa na maambukizi ya njia ya hewa, asilimia 5 hivi tu ndio waliothibitishwa kwa picha kuwa na homa ya mapafu. Wengine wote wangeweza kuishia na antibayotiki wasizozihitaji. Jaribio kubwa lililochapishwa 2024, lililofanyika katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, lilionyesha kwamba mhudumu akiongozwa na programu ya kidijitali hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vichache vya papo kwa papo, utoaji wa antibayotiki unashuka kutoka watoto 70 hivi kwa kila 100 hadi 23, na watoto wanapona vilevile. Watoto 47 kati ya 100 walikuwa wakimeza dawa bila sababu. Kila dozi ya namna hiyo inawafundisha bakteria kuishinda dawa ambayo kesho tutaihitaji kwa mtoto anayekufa kweli.

Malaria, U.T.I. na taifodi kwenye karatasi moja

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka, kile cha mistari, ni cha kuaminika kikitumiwa vizuri, na kikisema hakuna malaria, tukubali. Kumpa mtoto dawa ya mseto "kwa usalama" baada ya kipimo kusema hapana kunafunga macho ya daktari, kwa sababu anaacha kutafuta kilichomleta mtoto.

Kipimo hicho kina mipaka miwili ambayo wazazi hawaelezwi. Kwanza, kinasoma protini ya vimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dozi akirudia kipimo cha mistari siku chache baadaye, huenda kikaonyesha malaria isiyokuwapo. Hapo inafaa darubini. Pili, mahali palipojaa malaria, watoto wengi hutembea na vimelea bila kuugua. Kipimo kikisema ndiyo, daktari bado ana wajibu wa kuhesabu pumzi na kutafuta dalili za uti wa mgongo.

Kuhusu "wadudu wawili": wazazi hufarijika wakisikia ni wachache na kutishika wakisikia ni wengi. Aina ya malaria iliyotawala kwetu ina tabia ya kunata kwenye mishipa midogo ya ndani, ikiwamo ya ubongo. Damu ya kidoleni inaweza kuonyesha wachache huku kichwani wamejaa. Ukali wa malaria unasomwa kwa mtoto mwenyewe: anajitambua? anakaa? viganja vimekuwa vyeupe kwa kupungukiwa damu? anapumua kwa kina kama aliyekimbia? Mtoto wa hivyo anahitaji sindano ya artesuneti mara moja, kisha akiweza kumeza amalizie dozi kamili ya mseto. Hili halina ubishi tena. Jaribio lililowahusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, likachapishwa 2010, lilionyesha vifo vya asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini na 8.5 kwa waliopewa artesuneti.

Taifodi na U.T.I. ndipo ninapokasirika. Kipimo cha Widal kinachotumika katika maabara nyingi mitaani kinatafuta kinga ambayo mwili uliwahi kuitengeneza, na kinga hiyo inaweza kubaki muda mrefu au kutokana na maambukizi mengine kabisa. Kipimo kimoja cha Widal hakithibitishi taifodi. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara mpaka bakteria wenyewe waonekane. Hata hivyo, watoto wanaendelea kuandikiwa sindano za siku kadhaa kwa karatasi ya Widal, na wazazi wanauza mahindi ili kuzilipia.

U.T.I. ni tofauti kidogo, kwa sababu ipo kweli, na kwa mtoto mchanga mwenye homa isiyo na chanzo inaweza kuharibu figo isipotibiwa. Tatizo liko kwenye namna mkojo unavyochukuliwa. Mkojo uliokamuliwa kwenye nepi, au uliowekwa kwenye kichupa kilichosuuzwa kwa maji ya bomba, unabeba uchafu wa ngozi. Msafishe mtoto vizuri sehemu za siri, mwache mkojo wa kwanza umwagike, kinga wa katikati kwenye chombo kisafi cha maabara. Kwa kichanga itabidi kusubiri na chombo mkononi, na inachosha, lakini majibu ya mkojo mchafu ni mabaya kuliko kukosa majibu. Chembe chache za usaha peke yake, kwa mtoto anayekohoa na kutoa makamasi, si sababu ya kuandika U.T.I.

Dripu

Kwa kuharisha, maarifa yamekwishapatikana na ni ya bei nafuu. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, apewe kidogokidogo kwa kikombe au kijiko, akitapika subiri dakika kumi uendelee polepole zaidi. Vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Aendelee kunyonya na kula. Antibayotiki hazihitajiki kwa kuhara kwa maji kwa kawaida, zinahitajika choo kikiwa na damu. Daktari anapima upungufu wa maji kwa macho yaliyobonyea, kiu, na ngozi ya tumbo akiifinya: ikirudi taratibu sana, zaidi ya sekunde mbili, upungufu ni mkubwa.

Lakini mzazi anataka dripu. Mtoto aliyetundikiwa dripu anahesabiwa kuwa ametibiwa, na zipo zahanati za kulipia zinazoitundika kwa kila aliyelegea, "apate nguvu". Kuhusu hili Afrika Mashariki imeifundisha dunia nzima somo zito.

Mtoto mwenye maambukizi makali akiwa na mikono ya baridi na mapigo dhaifu, mafundisho ya nchi tajiri yalisema apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka ili mzunguko wa damu urudi. Ilionekana ni jambo la wazi mno kuhitaji kuthibitishwa. Kuanzia 2009 hadi 2011, watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland walilipima katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo za Kilifi, Mbale, Soroti na Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa: makundi mawili yakapewa maji ya haraka, la tatu likapewa maji ya kawaida ya kuwatunza tu pamoja na dawa, damu na huduma nyingine. Wanaoharisha na wenye utapiamlo mkali hawakujumuishwa. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Maji yaliyodhaniwa kuokoa yalikuwa yakiongeza vifo, zaidi ya watoto watatu katika kila mia.

Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na malaria, na wengi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Moyo na mapafu yao havikuwa na nafasi ya kupokea mzigo wa ghafla, na hapakuwa na mashine za kuwapumulia kama zilizopo katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya Ulaya. Kwa hiyo daktari akimwambia mzazi "huyu hahitaji dripu, anaweza kunywa", au anapoiweka kwa matone ya polepole yaliyohesabiwa, hafanyi uchoyo. Anafuata ushahidi uliopatikana kwa watoto wetu wenyewe.

Walio chini ya miezi miwili

Kwao kanuni zinabadilika. Takwimu za kitaifa za 2022 zinaonyesha watoto 43 kati ya 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania hufariki kabla ya miaka mitano. Ni nafuu kubwa, mwaka 1999 walikuwa 147. Chanjo, vyandarua na huduma bora zimefanya kazi. Lakini 24 kati ya hao 43 hufariki ndani ya mwezi wa kwanza, na huko hatujasonga kwa kasi ileile.

Mtoto mchanga hana njia nyingi za kuonyesha kwamba anaumwa. Anaacha kunyonya vizuri, anapumua haraka, hajongei mpaka aguswe, anabonyea kifua sana, anatingishika, au anapata homa. Anaweza pia kupoa. Joto lililo chini ya nyuzi 35.5 kwa mtoto mchanga ni la kutisha sawa na lile la 37.5 na kuendelea, na hili huwapita wazazi wengi, kwa sababu mtoto wa baridi anaonekana ametulia. Hapa hakuna kusubiri siku mbili, wala parasetamo ya nyumbani. Ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, mtoto akiwa amebebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, akinyonyeshwa njiani kama anaweza.

Mtoto anayerudi

"Mrudishe baada ya siku mbili" ni sehemu ya kipimo. Magonjwa mengi makali siku ya kwanza hayajajionyesha, na daktari anatumia muda kuona kile ambacho maabara haikuona. Kwa hiyo usiondoke kabla hujaambiwa mambo mawili: urudi lini, na dalili zipi zikutoe nyumbani hata kama siku haijafika. Akishindwa kunyonya au kunywa, akizidiwa, akianza kupumua haraka au kwa shida, choo kikiwa na damu, usisubiri.

Anaporudi mara ya pili au ya tatu, daktari inabidi aache kurudia jibu la kwanza. Homa ya kila siku inayopita siku saba inataka uchunguzi wa hospitali. Kikohozi kinachopita siku 14 kinafungua swali la kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa. Mtoto wa chini ya mwaka anayevimba viganja na nyayo na kulia akiguswa anastahili kupimwa selimundu (sikoseli), hata kama ameshaandikiwa malaria mara kadhaa. Mkanda wa kupimia mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, huo ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo anaweza kuwa na maambukizi mazito bila homa yoyote. Kipimo cha VVU kifanyike bila kuzungushana.

Nenda na kadi ya kliniki, kwa sababu mstari wa uzito ulioshuka miezi miwili mfululizo una mengi ya kusema. Nenda na maboksi ya dawa zote alizopewa, za duka na za kienyeji, na uzitaje bila woga. Sema homa ilianza siku gani, mara ya mwisho amekojoa lini, amenyonya mara ngapi tangu asubuhi. Na kama amepata degedege, hanyonyi, anatapika kila kitu au hakutambui, usikae kwenye benchi kusubiri namba. Mwendee muuguzi wa kwanza utakayemwona, umtajie dalili hiyo kwa jina lake, na usimame hapo mpaka mtoto atazamwe.